Dawa ya Joram na Samadi ya Mama Dorca

"Jumapili mtabatizwa hapa hapa, na kanzu zitatoka nyeupe kuliko zilivyoingia."

Joram aliyasema hayo mbele ya ufuo mzima wa Kisian, mwaka 1969, akiwa amepanda juu ya pipa. Alikuwa mfupi, na hakutaka mtu akose kumwona.

Siku mbili kabla, lori la mafuta lilipinduka darajani, barabara ya Busia, na shehena yote ikateremka na kijito hadi ziwani. Ufuo ukawa mweusi, unanuka kama gereji. Joram alikuwa karani wa stoo kwenye karakana moja ya meli mjini. Kemia aliisoma mwaka mmoja na nusu, diploma ikamshinda katikati, ila hakuna aliyewahi kumsikia akiitaja hiyo katikati.

Aliwakuta wanawake kazini tayari. Dorca, mjane aliyekausha samaki na kuuza ngege, samaki wa ziwa hilo, wawili kwa shilingi, ndiye aliyewapanga. Walitandika nyasi kavu na mafunjo juu ya mafuta, vikishalowa wakavikokota kwa reki mbali na maji, wakavichanganya na samadi. Kwao uchafu wowote ulipelekwa kwenye samadi, ukawa udongo. Joram alicheka hadi akashika mbavu. Akauliza kama ng'ombe wa Kisian siku hizi wana digrii.

Ndani ya pipa mlikuwa na dawa ya stoo, ya kuoshea injini za meli na kuondolea mafuta majini. Aliposhuka, aliinama kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, kwa Kiingereza: itumike kwenye bahari ya kina kirefu tu, mbali na mazalio ya samaki. Pale Kisian unatembea hatua thelathini ndani ya ziwa na maji bado yako kiunoni. Joram aliisoma mara mbili. Akainua kichwa. Watu wote walikuwa wanamngoja, na wengine wameshaanza kumwita Daktari.

"Hiyo dawa inapeleka mafuta wapi?" Dorca aliuliza.

"Yanakwisha, Mama. Wewe acha kemia ifanye kazi."

Joram akaimwaga dawa ufuo mzima, na kufikia Jumamosi maji yalimeta. Jumapili watu walibatizwa, na Joram akapewa kiti cha mbele na paja la kuku.

Mafuta hayakuwa yamekwenda popote. Dawa iliyavunja kuwa matone madogo yasiyoonekana, ikazama nayo hadi kwenye matope ya mazalio. Jumatatu ngege wakaanza kuelea. Ngege jike hulea watoto wake mdomoni. Dorca aliokota mmoja, akambana mashavu, na watoto wakamwagika kiganjani mwake, wadogo kama punje za wimbi, wote wamekufa. Akamnyooshea Joram kiganja.

Joram, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisema huo ni ugonjwa wa samaki uliotoka Uganda.

Uongo huo ulimkaa kooni miaka mitatu. Paja la kuku nalo. Stoo walishangaa utani umempotea. Akipita Kisian kwa basi aligeuza uso upande wa pili. Mwaka 1972 aliteremka.

Lile rundo la samadi lilikuwa udongo mweusi, na kunde zimetambaa juu yake. Vijidudu vya samadi vilikuwa vimeyala mafuta polepole. Somo hilo lilikuwemo kwenye daftari lake la chuo, kurasa alizozichorea vikatuni. Ngege wa ufuo ule hawakuwa wamerudi. Dorca alikuwa anageuza samaki wa kuletwa juu ya moshi.

"Mama," Joram alisema, "ile karatasi ya pipa ilikataza. Niliisoma."

Dorca aliendelea kugeuza.

"Nilikuona unasoma. Mara mbili. Nikasema, huyu amesoma mara mbili, basi anajua."

Joram akauliza samaki ni bei gani.

"Ngege mmoja, wa Port Victoria: shilingi tatu," Dorca alisema. "Wa hapa walikuwa wawili kwa moja."