Mahafali ya Mistari

Kaka alipomaliza chuo kikuu hakurudi Makwale. Ulikuja mkanda wa video. Kondakta wa basi aliyeuleta alitupa na maneno ya kaka: wafadhili wamekipa chuo kamera na mashine mpya, yeye amebakizwa huko kuzitunza, ila tusihuzunike, mahafali yote yamo humo, tutamwona na joho lake.

Tangu aondoke nililala peke yangu kwenye kitanda cha watu wawili, nikitunga vichekesho na kuvicheka mwenyewe. Zamani mchekaji alikuwa kaka. Alichekea puani, kama mbuzi aliyepaliwa na pumba, mpaka mama agonge ukuta.

Jumamosi mama alivaa kitenge cha kanisani, akajitwika mchele wa kumpa mwenye banda la video mjini, mzee wa Tanga aliyehamia huku yalipofunguliwa maduka ya biashara huria. Mzee akatia mkanda kwenye deki. Televisheni ikatoa mistari tu, inapanda kama siafu.

"Mama, huu umerekodiwa kwa mfumo wa Marekani. Deki yangu haiujui. Mtapata sauti."

"Jaribu tena, baba. Nimetoka mbali."

Akajaribu. Mistari.

Mama akanyamaza kwenye benchi. Kimya kile sikukipenda, nikaanza kutangaza kama mpira wa redioni. "Ule mrefu ndio kaka. Unaona ulivyopinda? Ndivyo anavyotembea. Ule mnene ni mkuu wa chuo."

"Nyamaza, mpumbavu wewe." Lakini aliinama. "Upi? Huu?"

"Huohuo."

"Amekonda."

Mzee akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Nilikuwa nimeshanogewa. Mara, ndani ya mkanda, karibu kabisa na kamera, kijana mmoja akasema kitu ambacho sikukidaka. Kikafuata kicheko. Cha puani.

"Ndiye," mama akasema. "Baba, rudisha hapo."

Mzee akarudisha, tena na tena. Kila mara yule kijana alisema chake, na kaka akapaliwa. Mama akawa anacheka naye, machozi yanamshuka. "Ndaga, baba. Ndaga fijo," akamshukuru.

Mwishowe nikakisikia vizuri kile kichekesho. Kilikuwa kibovu. Mimi kama hicho ningeona aibu kumtolea hata ng'ombe.

"Mbona umenyamaza?" mama akaniuliza. "Tangaza. Mwanangu yuko wapi sasa?"

Nikaitazama televisheni.

"Ameshatoka," nikamwambia.