Masikio ya Mrina Asali

Watu wanaopenda ndege wananichosha, nami ni mmoja wao. Naamka kabla jua halijatoka, navaa nguo za rangi ya vumbi, natembea saa nne kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani, na kikiruka kabla mgeni hajainua darubini, anayelaumiwa ni mwongozaji. Mwongozaji ni mimi. Nimeifanya kazi hii Songea kwa muda mrefu kiasi kwamba majirani zangu wa Bombambili wamechoka kunicheka. Zamani walikuwa wakiniuliza kama kweli kuna mtu mwenye akili timamu anayevuka bahari kuja kutazama ndege na kurudi kwao bila hata kumla. Wapo. Wageni wengi wanakwenda kaskazini kutazama simba na nyumbu. Wachache waliokwisha kuwaona simba mpaka wakawachoka ndio wanaonifikia mimi.

Kwa kawaida nawatembeza bustani ya wanyama ya Luhira asubuhi moja ili wanyooshe miguu, kesho yake tunashika barabara ya Namtumbo. Tunapita njia panda ya Hanga, tunanunua ndizi, kisha tunaiacha lami na kuingia kwenye miyombo, katika msitu ambao vijiji vimeutenga kwa ajili ya wanyama, unaopakana na hifadhi ya taifa. Kambi yetu iko huko, mahema sita na jiko. Na katika kijiji cha mwisho kabla ya kambi ndiko alikokuwa akiishi baba mdogo.

Baba mdogo ni mdogo wake baba yangu, tumbo moja. Alizaliwa Songea, akabatizwa, akapata kipaimara, halafu akaenda Namtumbo kuuza chumvi na kurudi kutuambia kwamba amesilimu na ana mke. Babu alinuna mwaka mzima. Wakwe zake baba mdogo walikuwa warina asali, na ndio waliomfundisha kumfuata mlembe, yule ndege mdogo wa kijivu anayemwita mtu porini na kumwongoza mpaka kwenye nyuki. Ndege huyo wakwe walimwita sego. Mrina anatoa sauti nene ya kooni, yenye kutetema, na kuimalizia kwa mguno. Ndege akiisikia anajibu kwa kelele za haraka, kama mtu anayetikisa kiberiti, na kuruka mti hadi mti huku mrina akifuata. Nyuki wakipatikana wanafukizwa moshi, asali inatolewa, na nta inawekwa juu ya majani mabichi, iwe fungu la ndege.

Kazi hiyo ina mwiko wake. Ukiwa nyuma ya mlembe huzungumzi. Huiti mtu kwa jina, hugombi, hupigi kelele hata ukichomwa na mwiba. Wanasema sauti ya mtu inamvunja ndege moyo, anaondoka, na siku nyingine hakuamini. Ukiwa na jambo na mwenzako, unampigia mluzi. Baba mdogo aliushika mwiko huo kuliko swala, na nilipomtania hivyo mbele ya mkewe alinirushia kandambili.

Wageni walimpenda kupita kiasi. Alikuwa na hasira za karibu na mzaha wa karibu, na hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini walikaa naye kwenye magogo wakicheka pamoja kwa vitu nisivyovielewa. Waliporudi kwao waliwasimulia wenzao, na wenzao walipoandika kutaka nafasi waliuliza kwanza habari za mzee wa asali. Kambi ilisimama juu ya mgongo wake. Binti yake alikuwa mpishi hapo, na mimi nilikuwa mwongozaji anayetafutwa, kwa sababu tu ya baba mdogo wangu na ndege wa kijivu.

Siku niliyogundua, tulikuwa wawili tu, tumetangulia kukagua njia. Tuliketi chini ya mti wa msuku. Mlembe akaja juu yetu kabisa, tawi la karibu, akapiga kelele zake mpaka nikacheka. Baba mdogo alikuwa anakuna muundi. Akaniuliza, "Hivi leo hawa ndege wamekwenda wapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha juu kwa kidole. Akainua uso, akamwona, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Sijawahi kumwona mtu mzima akiona aibu namna ile.

"Tangu lini, baba?"

"Mavuno ya mwaka juzi. Watu wakizungumza nawasikia, kama ni wanaume na wakisema kwa nguvu. Wewe binti yangu nakusikia nusu, nusu nyingine nakusoma mdomo. Huyu simsikii kabisa. Mluzi siusikii. Simu ikilia sijui mpaka itetemeke mfukoni."

"Mama mdogo anajua?"

"Hajui mtu. Na wewe usimwambie mtu. Mrina asiyemsikia ndege ni mtu wa kukaa uani kumenya mihogo. Naapa, heri nife porini kuliko hivyo."

Watu husema maneno kama hayo bila kuyapima. Niliyapokea hivyo hivyo, na nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la upendo. Nilimwambia nitatembea nyuma yake. Ndege akiwa kushoto nitamgusa bega la kushoto, akiwa kulia, la kulia. Nikiweka mikono yote miwili, asimame. Akasema nisimfinye, ana jipu.

Tulifanya hivyo misimu miwili. Ilikwenda vizuri mno. Mgeni mmoja, mzee mpole mwenye daftari, aliniuliza maana ya ule mkono begani. Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia kwamba ni mila, kwamba katika ukoo wetu mtoto wa kaka humshika mrina bega ili kumpa baraka. Akaandika yote. Baba mdogo alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, miyombo imeanza kutoa majani mapya mekundu. Tulikuwa watu watano: baba mdogo mbele, mimi, mume na mke wageni, na nyuma askari wa wanyamapori wa kijiji akiwa na bunduki yake. Mlembe alitupata mapema. Tulimfuata karibu nusu saa, mkono wangu begani, mpaka tukafika mahali pa wazi palipokuwa na miti mikubwa michache, na ng'ambo yake kichaka cha mianzi kinachoteremka kwenye korongo.

Hapo yule mke alinivuta mkono wa shati. Alikuwa ameona ndege mwingine, mdogo wa manjano, ambaye alikuwa amemtafuta katika nchi tatu. Nilitazama mbele, nikaona kwamba baba mdogo anamwona mlembe kwa macho, ametua juu ya mninga ulio mkavu, na kwamba ameshaanza kutembea kuelekea huko. Nilijiambia, mti ule pale, hanihitaji. Nikaondoa mkono wangu begani mwake, nikainua darubini kumtafutia yule mama ndege wake wa manjano.

Sikukaa hata dakika mbili. Nilipoishusha darubini, baba mdogo alikuwa hatua arobaini hivi mbele, na ndani ya mianzi, upande wake wa kulia, sikio la tembo lilipepea. Jike. Chini ya tumbo lake niliona miguu ya mtoto.

Nikapiga mluzi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilipiga mluzi, na majibu ninayo mengi. Ndivyo tunavyofundishwa, usipige ukelele karibu na tembo. Ndivyo alivyonifundisha mwenyewe, nyuma ya mlembe hakuna sauti ya mtu. Mdomo ulitangulia akili. Yote ni kweli. Nilipiga mara ya kwanza, askari akageuka, wageni wakageuka, na tembo naye akageuza kichwa. Nilipiga mara ya pili. Baba mdogo alikuwa ameinua uso kwa ndege wake, ameweka shoka begani, anakwenda zake taratibu. Mara ya pili ile nilishajua. Mgongo wake ulinikumbusha, na nilijua kwamba katika watu wote waliosimama pale ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hausikii mluzi. Ningeweza kuita kwa sauti nzito, kwa nguvu zangu zote, pengine angesikia nusu. Lakini nilijua pia kwamba nikiita, yule jike atakuja kwangu. Niliogopa. Nikapiga mluzi mara ya tatu.

Askari alifyatua bunduki juu. Mlio ule baba mdogo aliusikia. Akageuka kututazama sisi, mgongo kwenye mianzi, uso wake una swali. Mengine sitayaandika. Yalikwisha haraka, na jike alirudi kwa mwanawe. Mlembe aliendelea kupiga kelele juu ya mninga muda wote tuliokuwa tumepiga magoti pale, mpaka nikamrushia jiwe.

Polisi walikuja, daktari akaja, na baba mdogo alizikwa siku ile ile kabla ya magharibi, kwa dini yake. Mimi nilikaa na wanawake. Nililia sana, na walinibembeleza, wakasema mwanamke gani mwingine angeweza kujikaza porini kama mimi.

Wiki iliyofuata ofisi ya kampuni yetu ikataka maelezo. Niliyaandika mimi, mezani kwangu Bombambili, kwa mwandiko mzuri. Niliandika kwamba mwongozaji aliona hatari na kutoa ishara ya mluzi mara tatu. Kisha nikaandika kwamba marehemu hakuzingatia ishara. Nilikaa na sentensi ile hadi chai ikapoa. Nikiandika kwamba marehemu alikuwa hasikii, swali la pili lingekuwa, nani alijua? Na la tatu lingekuwa, basi ulimpelekaje kwenye tembo? Niliiacha kama ilivyo.

Ofisi ikasema mjane aweke alama ya kidole chini, kuonyesha kwamba familia inakubaliana na maelezo. Nilipelekwa kwa gari, pamoja na mtumishi mmoja wa ofisi. Kwa kuwa mama mdogo alikuwa ndani ya eda, mtumishi alibaki garini, nikaingia peke yangu. Alikuwa ameketi mkekani, shuka nyeupe mwilini, amekonda. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za baba yangu. Kisha akasema, "Hiyo karatasi nisomee."

Nikasoma. Nilipokaribia mwisho niliharakisha.

"Rudia hapo."

"Mwongozaji alitoa ishara ya mluzi mara tatu. Marehemu hakuzingatia ishara."

Nje, binti yake alikuwa akitwanga, maana kambi ilikuwa imesimamisha kazi kwa msiba.

"Mwanangu," akasema, "huyu mtu nikitaka aje kula nilikuwa namrushia gunzi la muhindi mgongoni. Mwaka wa nne huu. Alidhani namchokoza."

Niliinamisha macho kwenye karatasi.

"Na wewe ulijua. Usinifiche, alinieleza mwenyewe mfungo wa Ramadhani uliopita, nilipomkatalia kwenda porini. Aliniambia, mama, usiwe na hofu, ninaye mtoto wa kaka, yule ndiye masikio yangu."

"Nilijua, mama."

"Ukapiga mluzi."

"Nilipiga mluzi."

Nililia hapo kwa namna ambayo sikulia mazikoni. Yeye hakulia wala hakunigusa. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite ili aendelee na safari.

"Ukiandika kweli," akasema, "kazi yako itabaki?"

"Haitabaki."

"Na kambi?"

"Wataifunga, nadhani. Watasema hatukuwa waangalifu."

Akageuka kuelekea uani, kwenye mlio wa mchi wa binti yake, akasikiliza. Nilijua anachokipima, na ningeweza kumwondolea mzigo ule. Ningeweza kuichana karatasi mbele yake. Ilikuwa mkononi mwangu, karatasi moja tu.

"Aliyekufa hana tena wa kumwonea aibu," akasema. "Lakini Mwenyezi Mungu anajua kwamba alizingatia. Maisha yake yote alizingatia. Lete huo wino."

Nikafungua kidau cha wino. Akachovya kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi, akatazama. Alama ilikuwa imetoka nusu. Akachovya tena mwenyewe na kubonyeza kwa nguvu zaidi, kisha akajifuta kwenye ukingo wa mkeka, akanipa kisogo.

Nilirudi garini. Mtumishi wa ofisi akachukua karatasi, akaipuliza ikauke, akaniuliza kama mama amekubaliana na maelezo. Nikamwambia amekubaliana nayo yote.