Viambatisho Kumi, Jina Moja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, kisha akamwachia mwanadamu huyo huyo akumbuke alikoiweka. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma yakisaidiwa na miwani, na kwa marafiki wanaonicheka usoni badala ya kunicheka mgongoni. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake. Sasa nasimulia.

Mimi ni mzee wa Kariakoo. Nakaa ghorofa ya tatu juu ya maduka ya vitenge, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba ya udongo, na uani mwa nyumba hiyo ndimo mwalimu wangu alimotusomesha dini. Ujanani nilifanya kazi ofisini, kwenye kompyuta za zamani zenye kioo cheusi, zisizo na picha wala kipanya cha kushika. Ukitaka kitu, unaandika amri. Ukikosea herufi moja mashine inakukatalia, na sababu haikwambii. Nilistaafu miaka mingi iliyopita, lakini mkono haukustaafu. Mpaka leo barua pepe zangu nazisoma hivyo hivyo: kioo cheusi, barua zimejipanga kwa namba, nabonyeza herufi, mashine inatii. Wajukuu wanasema natumia kompyuta kama mtu anayepika pilau kwa kuni wakati gesi ipo. Nawajibu kwamba pilau la kuni wanalolisema ndilo wanalolila kila Idi.

Mwalimu alikuwa na daftari moja kubwa alilolijaza kwa miaka mingi: adabu za kula, haki za jirani, haki za mgeni, namna ya kumrudi mtoto bila kumvunja moyo. Daftari hilo haliazimwi. Badala yake alitugawia. Kila mwanafunzi wa darasa kubwa alinakili sehemu moja kwa mkono wake, na sehemu hiyo ikawa amana yake mpaka kufa. Mtu akitaka kujua haki za jirani, anaelekezwa kwa mwenye haki za jirani. Tulikuwa kumi na mmoja. Mwalimu alipofariki na nyumba ikabomolewa kupisha ghorofa, daftari lenyewe lilikutwa limeliwa na mchwa, limebaki jalada. Zikawa zimesalia nakala zetu tu, nazo zimetawanyika kama wenyewe: Mafia, Lindi, Mtwara, mmoja yuko Maskati.

Mjane wa mwalimu yupo hai, alhamdulillahi, anakaa Magomeni. Sisi sote tunamwita Mama, hata mimi niliyeng'oka meno. Mwaka jana aliniita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo ni pa paka."

Nikahama. Akaniambia binti yake wa Kilwa amekuja juu, hataki tena mama yake aishi peke yake, na yeye amekubali kuhamia huko.

"Nikienda sirudi," alisema. "Jicho la kulia nimeshaagana nalo, na hili la kushoto linafunga mizigo. Nataka daftari la mume wangu niondoke nalo mkononi, zima. Si vipande vipande kama nyama ya Idi."

"Nitalikusanya, Mama."

"Utalikusanya lini? Wewe ndiye uliyekuwa unafika darasani wenzio wanafunga vitabu."

Nikawaandikia wenzangu kumi. Kila mmoja azipige picha kurasa zake, ziunganishwe ziwe faili moja, kisha faili hilo aniambatishie kwenye barua pepe. Sehemu ya kwanza ninayo mwenyewe. Kazi hiyo ilikula miezi minane. Wa Mafia alisubiri mjukuu aje likizo na simu nzuri. Wa Mtwara alituma kurasa zote kichwa chini, tukaanza upya. Wa Lindi, mwenye sehemu ya saba, alituma mapema kuliko wote, barua safi yenye dua ndefu, na mwezi haukuisha tukapata habari ya msiba wake. Mungu amrehemu. Nilipowapigia watoto wake, waliniambia karatasi za baba hawajui zilikowekwa.

Barua ya kumi iliingia Jumanne. Mama alikuwa anasafiri Jumamosi kwa basi la alfajiri. Jumatano asubuhi nikakaa mezani kutoa viambatisho kwenye barua na kuviweka katika folda moja, nimpelekee mchapaji.

Utaratibu wake ni mwepesi. Unafungua barua, unakiona kiambatisho, unabonyeza s, mashine inakuonyesha jina la faili, unakubali, faili linahifadhiwa. Cha kwanza kikatoka vizuri. Kwenye cha pili mashine ikaniuliza kitu. Mashine hii ina maswali mengi kama karani wa forodha, na miwani yangu ilikuwa jikoni. Nikajibu ndiyo. Kwenye cha tatu ikauliza tena, nikajibu ndiyo. Nilijibu ndiyo mara tisa, kwa utulivu kabisa, huku namsalia Mtume. Kisha, kwa kuwa napenda sanduku la barua liwe safi, nikaziwekea barua zote kumi alama ya kufutwa. Mgeni akishatua mzigo, husindikizwa mlangoni.

Nikaenda jikoni kuchukua miwani, nikarudi, nikalifungua folda. Ndani mlikuwa na faili moja. Jina lake: bismillahi.

Nikalifungua. Ilikuwa sehemu ya kumi na moja, adabu za mazishi. Kingine hakuna.

Ilinichukua muda kuelewa. Mwalimu alitulea kwamba karatasi haianzi bila Bismillahi, hata ikiwa ni orodha ya kwenda sokoni kununua dagaa. Simu zilipowauliza wenzangu faili liitweje, kila mmoja aliandika neno ambalo mkono wake umezoea kuanza nalo. Mafia bismillahi, Mtwara bismillahi, Maskati bismillahi, wala hawakushauriana. Na kila nilipotoa faili jipya, mashine iliona jina hilo limeshakuwepo, ikaniuliza kwa heshima kama iandike juu ya lile la mwanzo, nami nikaipa ruhusa. Sehemu yangu ya kwanza ilikuwa salama kwenye folda lingine, nayo msiniulize inaitwaje.

Nilikuwa bado nimekodoa macho alipoingia rafiki yangu. Huyu ni mzee wa kanisa, Mlutheri, mtu wa Kilimanjaro. Tulianza kazi pamoja kwenye ofisi ile ya kompyuta, kisha yeye akaona mshahara unachelewa, akafungua duka la daftari na kalamu kwa jumla, na sasa duka lake liko chini ya nyumba yangu. Mtaa mzima unamwita Mangi. Kila siku saa nne hupanda ngazi kunywa chai yangu, akilalamika njia nzima kwamba ngazi ni nyingi.

"Shehe, mbona rangi imekuhama?"

"Mangi, nimekiangamiza kitabu cha mwalimu."

"Chote?"

"Imebaki sehemu moja. Mazishi."

Akavuta kiti, akatazama kioo, akanitazama mimi. "Basi umejiachia ya kukutosha."

"Usinitanie leo."

"Nikutanie lini, ukishapona? Hebu nieleze. Barua zenyewe ziko wapi?"

"Nimezifuta."

"Umezifuta, au umeziwekea alama?"

"Nimeziwekea alama."

"Umeshatoka kwenye programu?"

"Sijatoka."

"Ondoa kidole hapo! Ondoa, Shehe! Mikono magotini, kama uko darasani."

Nikatazama. Kidole changu kilikuwa kimelalia q. Katika programu hii, anayetoka kwa q anasema kazi imekwisha, na mashine inazitupa barua zote zenye alama. Lakini iko herufi nyingine. Nimeitumia maisha yangu yote, na siku ile hofu ilikuwa imeifuta kichwani kabisa.

"Ofisini," Mangi akauliza pole pole, kama anamuuliza mtoto, "bosi akija na wewe hujui umefanya nini, ulikuwa unatokaje?"

"Kwa x."

"Kwa x. Unatoka, na kila kitu kinabaki kama ulivyokikuta. Haya."

Nikabonyeza x. Kioo kikawa kitupu. Kufungua tena sikuthubutu. Nikamwambia afungue yeye. Akasema yeye ni Mlutheri, na mafaili haya yameanza kwa neno la upande wangu, kwa hiyo nijitegemee. Nikacheka bila kutaka. Kisha nikavuta pumzi, nikafungua.

Barua kumi. Kila moja kwenye namba yake, hakuna yenye alama. Ya Lindi nayo ilikuwepo, na dua yake ndefu. Niliinamisha kichwa mezani nikamshukuru Mola wangu, na nilipoinua, Mangi alikuwa amemaliza chai ya kikombe changu baada ya kumaliza ya kikombe chake.

"Sasa yape majina ya maana," akasema. "Moja, mbili, tatu."

"Niyavue Bismillahi?"

"Si ndiyo iliyokuponza?"

"Siwezi, Mangi. Huyu wa Lindi ameshatangulia. Neno hilo aliliandika mwenyewe kwa kidole chake."

Akakuna kidevu. "Nani kakwambia ulivue? Liache mbele, namba ifuate nyuma. Nyimbo zetu kanisani zote zina namba, na hakuna aliyesema zimepungua utakatifu."

Basi tukaanza. Safari hii nilivaa miwani, na kabla ya kukubali kila jina nililiandikia namba ya sehemu yake. Mangi alisimama nyuma yangu akisoma kwa sauti, akihakiki kama karani wa ghalani. "Bismillahi mbili, ndiyo. Bismillahi tatu, ndiyo. Ngoja, hiyo ni nne, usiwe na haraka." Alipofika kumi na moja nikamwambia:

"Mara kumi kwa asubuhi moja, Mangi. Jihadhari."

"Mchungaji nitamweleza nilikuwa nazuia ajali."

Barua sikuzifuta. Zipo mpaka leo, na sanduku langu limejaa kama stoo ya Kariakoo, na nimeamua kuishi hivyo.

Karatasi alitoa Mangi dukani kwake, akakataa kulipwa, akasema nimwombee tu apungukiwe ngazi. Mchapaji wa mtaa wa pili alichapa Alhamisi, akatia jalada la kijani Ijumaa, na baada ya sala ya alasiri nilikuwa Magomeni. Mizigo ya Mama ilikuwa imefungwa mlangoni. Paka alikuwa mahali pake.

"Umechelewa."

"Mama, leo ni Ijumaa, unasafiri kesho."

"Nilikuwa nimeshaanza kukusema."

Nikamkabidhi kitabu. Alikipima uzito kwa mikono miwili, akakinusa, akapitisha vidole juu ya kurasa ingawa karatasi ya mchapaji ni laini, haina cha kugusa. Kisha akanirudishia.

"Soma."

"Wapi, Mama?"

"Popote. Usinichagulie pazuri."

Nikafungua katikati, pakawa sehemu ya saba, mwandiko wa marehemu wa Lindi, herufi zimesimama wima kama mabaharia wa zamu. Ilikuwa haki za mgeni. Nikasoma mistari kadhaa, nikafika mahali mwalimu alipoacha somo akaandika jambo jingine, na mwanafunzi wake, kwa kuwa tuliamrishwa kunakili kila kitu, alilinakili nalo: *Hapa darasa limekatika. Mama wa nyumba amekuja kusema sukari imekwisha, na kwamba waliokula ni wanafunzi.*

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikaweka kitabu chini.

"Muongo!" akasema, na kumbe anacheka. "Sukari alikuwa anailamba yeye. Alikuwa anaificha ndani ya kofia, anadhani sijui. Wanafunzi maskini wa Mungu, nimewasingizia miaka yote ile."

"Tumekusamehe, Mama."

"Wewe sikukusingizia, wewe uliila kweli. Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Ameandika 'mama wa nyumba'?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele za watu ndivyo alivyokuwa akiniita. Tukibaki wawili..." Akakatisha, akanyoosha mkono nimpe kitabu chake. "Hiyo haikuandikwa, na wewe haikuhusu. Nenda nyumbani, jua linazama."

Alfajiri ya Jumamosi, mimi na Mangi tulimsindikiza kwenye basi. Nguo zake alikubali ziwekwe kwenye buti. Kitabu alikipakata. Kondakta alipotaka kumsaidia kukipandisha juu pamoja na mikoba, aliangaliwa kwa lile jicho moja la kushoto, akaenda kusaidia wengine. Basi likaondoka, Mama amekaa dirishani, midomo inacheza. Alikuwa anamwambia mtu jambo, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde wewe na walio nyumbani kwako, akuzidishie elimu yenye manufaa, na awarehemu wote waliokushika mkono ulipokuwa unajifunza herufi ya kwanza. Amina.