Hakuna Mkate kwa Roshani Yenye Bendera ya Italia

Saa kumi na mbili asubuhi, gari la mkate linapiga honi katika kichochoro kimoja cha mji wa Qormi, Malta, na vikapu vinaanza kushuka kwa kamba kutoka roshani za juu. Nazzareno Bezzina, ambaye mtaa mzima unamwita Żaren, anatia mkate katika kila kikapu huku akinung'unika. Kimoja anakitazama, kisha anakipita.

"Na mimi je?" inauliza sauti kutoka juu. Ni Wistin, kaka yake mkubwa.

"Waambie Waitalia wakuokee," anajibu Żaren bila kuinua kichwa.

Ugomvi huu ulianza Jumanne. Kesho timu ya taifa ya wanawake ya Malta inacheza na Italia, na Raisa, binti wa Żaren, ameitwa kwa mara ya kwanza, beki wa kushoto. Wistin, baba mkubwa wa msichana huyo, ametundika bendera ya Italia kama anavyofanya kila Italia inapocheza. Anasema haoni tatizo. Bendera ilikuwapo tangu enzi za baba yao, na kumpenda Raisa ni jambo jingine.

Żaren anakaribia kupasuka. Alikuwa beki wa kati wa taifa kwa miaka kumi, mechi thelathini na nane, ushindi mara tatu, na muda wote huo aliishi kwa gari hili la mkate kwa sababu mpira haukutosha kulisha nyumba. Kufungwa alikwishazoea. Kinachomkera mpaka leo ni jioni aliyookoa mpira mstarini dhidi ya Italia, nyumbani kabisa, akasikia nusu ya uwanja ikiguna kwa masikitiko.

"Nikadhani ni wageni," anasema akikung'uta unga mikononi. "Kugeuka, namwona kaka yangu kajishika kichwa. Eti kwa nini? Kwa sababu nimeokoa."

Asubuhi baada ya mechi hiyo mama mmoja alipokea mkate wake, kisha akamuuliza kwa nini alimchezea rafu mshambuliaji "wetu", yaani wa Italia. Upande wa pili wa kichochoro haukumpa nafuu. Malta kila mtaa umegawanyika kati ya mashabiki wa Italia na wa Uingereza; huko wote ni Uingereza, na walimshangilia Żaren ili kuwakomoa majirani tu.

Raisa anacheka, anamsihi baba yake asimshindishe mzee na njaa. Żaren hataki kusikia. Wistin naye, kwa ubishi, hanunui mkate dukani. Tangu Jumanne anatafuna biskuti za chumvi.

Gari likiwa limeshawashwa, kikapu cha Wistin, kilichopanda kitupu, kinashuka tena. Ndani mna bendera, imekunjwa vizuri.

"Nakuazima tu," anasema Wistin. "Jumapili unirudishie, wanaume wa Italia wanacheza."

Żaren anaitupa kwenye kiti cha mbele, anatia mikate miwili, anavuta kamba kumwashiria apandishe. Hatabasamu. Kesho, anasema, atakaa jukwaani mbali na ndugu zake wote, asije akamshika mtu shati.

"Siombi ushindi, sijawa mwehu," anasema, mkono uko kwenye usukani. "Naomba tu mwanangu akiokoa mpira, asisikie watu wake wakisikitika."