Mkono Uliofunzwa Kukaba Gitaa

Iko siku moja ya Tumbe, kule Pemba, haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana ulipokaa barazani na hilo gitaa lako ikanirudia yote. Nilikuona umelikaba shingo kama mtu anayechinja kuku. Nikanyamaza, maana hasira zilinipanda, na hasira zenyewe hazikuwa zako.

Miye nilikuwa mchumaji karafuu. Marehemu baba alinifundisha kwamba juu ya mkarafuu mkono wa kushoto ndio roho yako. Wa kulia unachuma, wa kushoto umeng'ang'ania tawi, dole gumba limezunguka, na hulegezi hata ukitafunwa na majimoto, wale chungu wekundu wa mitini. Basi miaka ile baada ya Mapinduzi, nilipoingia kikundi cha taarabu kujifunza gitaa, nililishika vivyo hivyo. Sikujua kushika kwengine.

Mwalimu wetu, Maalim Khatibu, alifurahi. "Hivyo hivyo! Kaza! Mkono laini mwachie biharusi." Nami nikikaza. Kila kodi, zile nyuzi za kubonyezwa pamoja, nikiibana kwa nguvu za mtini, kifundo cha mkono kimepinda, kiganja kimegandana na ubao. Nikirudi nyumbani vidole vimekufa ganzi, hata tonge sishiki sawasawa. Nikimwambia naumia, ananicheka, "Mwanamme mzima unalia na nyuzi!" Nikaona haya, sikusema tena.

Harusi ya Tumbe ndiyo iliyonimaliza. Mama alikuja kunisikiliza, kavaa kanga zake mpya. Katikati ya wimbo mkono ukakaza wenyewe, vidole viwili havikunjuki wala havibonyezi. Maalim akaninyang'anya gitaa mbele ya watu wote, akakaa akapiga yeye. Mama akainamisha kichwa.

Nikabaki nimesimama pale, na kwa mara ya kwanza nikamtazama Maalim mkono. Dole gumba kaliegesha tu nyuma ya shingo ya gitaa. Kifundo kimenyooka. Kiganja hakigusi ubao, pana nafasi ya yai. Vidole vinatua kwa ncha, karibu na kile kichuma kilichokata shingo ya gitaa, na kodi ikibadilika vinanyanyuka kidogo tu. Mtu anapiga kama anakunywa kahawa! Lahaula! Alikuwa anajua, mwanangu. Siku zote alikuwa anajua.

Watu walipotawanyika nikamfuata. "Maalim, mbona hukunambia?"

Akawa analifunga gitaa kwenye kitambaa, hata uso hakuinua. "Ningekwambia, yakhe, leo miye ningekaa wapi?"

Bi Mize wa Shumba, mkandaji, alinihangaikia kwa mafuta ya nazi mpaka vidole vikaweza tena kushika jembe. Gitaa vilikataa. Maalim alipokufa nilikwenda kumzika, nikatia na udongo. Kumsamehe ndiko kunakonishinda hadi leo, na sitaki kukudanganya.

Sasa sikiliza. Jana nilinyamaza kutwa nzima, kisha nikajiogopa, kwani kunyamaza ndiko kulikoniulia mkono. Kaa vizuri. Shusha bega, kiwiko kiache kining'inie. Dole gumba nyuma, usilibane, hapo huanguki popote. Kunja vidole, ubonyeze kiasi cha uzi kulia, basi. Kodi ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote itakutesa mwanzo, ichukue polepole. Ukisikia maumivu ya kifundo au ganzi, weka gitaa chini, na anayekwambia uvumilie mtazame kwanza mkono wake yeye anavyoshika. Nawe akija kwako mtoto wa mwenzio na mkono uliopinda, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama kesho atakushinda.

Mungu akulainishie mkono, mwanangu, akuhifadhie vidole vyako, na akuepushe na mwalimu anayemwogopa mwanafunzi wake. Haya, piga. Mama yangu hakusikia wimbo ule hadi mwisho kwa mkono wangu, nipigie miye.