Siku Nilipomjibia Chebet Jina Darasani

Nikiri mapema kabla hamjaonyeshwa ile video: ni kweli, ni mimi yule mzee wa gambuti aliyemjibia msichana wake jina katika darasa la chuo kikuu, na hapana, sikuwa nimelewa, ingawa ningekuwa nimelewa leo ningekuwa na kisingizio.

Mimi si mtu wa safari. Nikifika sokoni Kapsoit mara moja kwa wiki naona nimeizunguka dunia. Lakini tangu mama yake Chebet azikwe, halafu Chebet mwenyewe, mtoto wangu wa pekee, aende chuo, nyumba ilinyamaza vibaya. Nilifika mahali mtangazaji wa redio akisema "hamjambo wasikilizaji" namjibu "hatujambo, sijui wewe," na nangoja kidogo, kwa heshima, labda atasema kitu. Ugali nao nilikuwa bado nasonga wa watu watatu (mkono ukishazoea sufuria haujui kupunguza), halafu nakula kiporo siku mbili nikijilaumu.

Sasa Jumatano moja ya mvua nikajiambia, huko chuoni kuna baridi na mtoto hana blanketi. Hakuna mtu aliyeniambia hana blanketi! Hiyo niliitunga mwenyewe nikikamua ng'ombe, na ndoo ilipojaa nilikuwa nimeshaiamini kabisa. Ningepiga simu kwanza mkasa wote ungeishia hapo zizini, lakini nilijua ataniuliza, "Baba, unakuja kufanya nini?" na jibu sina, basi nikaamua nitamshtukiza tu. Nikatia blanketi kwenye gunia, nikavaa koti langu la kanisani, na kwa sababu ya matope nikavaa gambuti, nikaenda.

Chuo chenyewe ni kikubwa, cha serikali, na jina sitalitaja maana mtoto bado anasoma huko. Langoni nikapiga simu yake, imezimwa. Mwanafunzi mmoja akaniambia watu wa Ualimu mwaka wa pili, darasa la Chebet, wana somo saa nne kwenye ule ukumbi mkubwa, nikaenda kusimama nje, mvua ikaongezeka, nikasogea mlangoni, wakaanza kuingia kwa kusukumana, na mimi nikaingia nao kama ng'ombe wa jirani anayefuata kundi. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, gunia mapajani. Sitadanganya, niliona raha. Mimi niliishia kidato cha nne, na hapo nilikuwa nimezungukwa na watu mia tatu wanaongea wote kwa pamoja, kelele tupu, na sikutaka iishe.

Nikamuuliza msichana aliyekaa kando yangu kama anamjua Chebet.

"Chebet? Namjua, lakini leo sijamwona. Na akikosa ya leo ni mara ya tatu, mzee. Ukikosa tatu hufanyi mtihani."

Raha ikaisha hapo hapo. Mhadhiri akaingia, mama mfupi wa miwani, asiye na mchezo, akafungua orodha akaanza kuita majina moja moja, na mimi naangalia mlango, naangalia mama, naangalia mlango.

"Faith Chebet."

Mama akainua kalamu.

"Faith Chebet!"

Hapa lazima niwaeleze kitu, la sivyo mtanifikiria mjinga zaidi ya nilivyo. Pale kwetu kwenye kituo cha majani chai, karani akiita jina lako na wewe umeenda nyuma ya kibanda kwa haja zako, jirani anakujibia. Anapaaza sauti "Yuko!" na kukuwekea gunia kwenye mizani, kwa sababu ukipitwa utarudi nyuma ya foleni na majani yaungue kwa joto la gunia. Huo si udanganyifu, huo ni ujirani. Nimewajibia watu miaka thelathini na wao wamenijibia mimi. Kwa hivyo mdomo haukuniuliza.

"YUKO!"

Ukumbi wote ukageuka. Mama akainua miwani. "Nani amejibu hapo nyuma?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikadhani hakusikia vizuri, nikasimama na gunia langu, nikamwambia vile ninavyomwambia karani: "Yuko, mwalimu, wewe andika tu. Anakuja sasa hivi."

Jamani. Kile kicheko. Watu walipiga meza, kijana mmoja mbele akasema, "Aki huyu buda ni noma!" (buda kwa lugha yao ni mzee, yaani mimi) na simu zikainuliwa juu kama mikono ya Wakristo kwenye maombi. Na mimi, badala ya kukaa, nikaona nimtetee mtoto, nikasema ni msichana wa bidii, nyumbani huamka saa kumi na moja, hata mchungaji anaweza kushuhudia.

"Mzee," mama akasema polepole, na hakuwa anacheka, "unajua jina likijibiwa na mtu mwingine, mwenye jina anaandikwa hakuja? Hata kama angeingia sasa hivi."

Na sasa hivi hiyo ndiyo aliyoingia. Chebet alikuwa mlangoni, amelowa, karatasi mkononi. Alikuwa ametoka ofisi ya idara kufuatilia alama zake za somo moja zilizopotea, amepiga foleni tangu asubuhi.

"Kuna mtu anamjua huyu mzee?" mama akauliza darasa.

Chebet akaniangalia, akaangalia gambuti, akaangalia sakafu. Haikuwa muda mrefu. Labda ni kuvuta pumzi mara mbili. Lakini katika pumzi hizo mbili nilisimama mbele ya watu mia tatu nikiwa si wa mtu yeyote, na hicho ndicho kitu video haionyeshi.

"Ni baba yangu," akasema.

Tuliambiwa tumwandikie barua mkuu wa idara, sisi wawili, kuomba mtoto asizuiwe mtihani. Niliandika yangu kwenye benchi la ukumbini, kwa ule mwandiko wangu wa kidato cha nne, nikaeleza habari ya mizani na karani na majani kuungua, kurasa mbili. Chebet aliandika mistari minne. Halafu akanisindikiza hadi langoni, nikamkabidhi gunia.

"Blanketi niko nazo mbili, Baba."

"Sasa ni tatu."

Hakucheka. Akachukua, akaniambia niangalie nisiteleze.

Video ilifika nyumbani kabla yangu. Kituoni siku iliyofuata karani aliniita "profesa," na kila jina lililoitwa, hata la mtu aliyesimama pale pale, foleni nzima ilijibu "YUKO!" kwa sauti yangu. Wiki mbili nzima nililala vibaya nikifikiria mtihani, mpaka ujumbe wa Chebet ukaingia: "Wamekubali nifanye. Baba usikuje tena bila kusema." Nikaapa, na bado naapa, mimi na chuo kikuu tutaonana tena siku ya mahafali, na hiyo siku hata wakiita jina langu mwenyewe sijibu.

Nilimsomea ujumbe huo jirani yangu Mama Moraa, mwanamke wa Kisii aliyenunua shamba lililopakana na langu, tukiwa tunachuma chai kila mtu upande wake wa mpaka. Nilitaka afurahi nami kidogo. Hakusimamisha mikono, wala hakunitazama. Alisema:

"Baba Chebet, wewe unaenda mpaka chuo kikuu kutafuta mtu wa kuongea naye, na mimi niko hapa mwaka wa tatu hujawahi hata kuniomba chumvi."