Mwenye Vyombo

Miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, bendi nyingi zilikuwa za mashirika au za wenye baa. Ukiacha kazi, unaacha na gita. Sisi wanne wa Uwemba tulikuwa na vyombo vyetu: magita mawili na besi, vyote vya mitumba, amplifaya inayokwaruza, na ngoma alizowamba mpiga ngoma wetu kwa ngozi za mbuzi. Tulipiga roki. Njombe mjini walituita Makelele, na jina likakaa.

Hatukutulia. Leo ukumbini, kesho harusini, bibi harusi mwenyewe kaziba masikio. Mimi nilipiga besi nimewapa watu mgongo, maana nikitazamwa vidole vinakufa ganzi.

Kisha tajiri mmoja wa malori, mwenye ukumbi Makambako, akatuita. Alikuwa na vyombo vipya, vimepangwa jukwaani. Sharti lake: tupige nyimbo za redioni, zetu tuziache nyumbani.

"Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi," alisema mpiga solo, mtunzi wa nyimbo zetu zote.

"Kaa na uhuru wako, uuchemshe ule," mwimbaji akamjibu. Mpiga ngoma akacheka. Wote wakanigeukia.

Niliitazama besi nyeusi ya tajiri, inang'aa. "Tukubali," nikasema.

Mpiga solo akarudi Uwemba peke yake. Tajiri akaleta mwingine, nami nikaiuza besi yangu ya mtumba.

Makambako watu walicheza kweli, madereva wa Songea na wa Mbeya. Lakini kila Jumamosi ni nyimbo zilezile, na tajiri yupo mlangoni. Tukirefusha wimbo, anainua kidole. Mikono ikawa inaniwasha, usingizi hauji. Ramadhani ilipoingia akafunga ukumbi, vyombo vikiwa ndani. Nikamfuata kwenye gereji ya malori yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba besi nifanyie mazoezi."

"Marahaba. Wimbo gani hujaujua?"

"Nazijua zote."

"Sasa mazoezi ya nini, kijana wangu?"

"Ya zile zetu."

Akatabasamu. "Ndiyo maana nimevifungia."

"Basi naacha kazi, mzee."

"Besi ni yangu, vidole ni vyako. Nenda navyo salama."

Nilidandia lori la mbao hadi Njombe, kisha kwa miguu. Uwemba nilimkuta mpiga solo uani, gita mapajani.

"Kamwene," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

Alianza wimbo wake ule mgumu kuliko zote, akafika mahali besi inapoingia, akasubiri. Sikuwa na chombo. Nikaiingiza besi kwa mdomo.